Nani Aliyemwambia Gunia Aanguke?

"Leo mimi sijaambiwa nianguke."

Hapo ndipo gazeti la wiki jana lilipowaishia, na nyie mliokaa barazani mkaapa kwamba Nondo kafa, poleni sana. Hajafa. Alikuwa kifudifudi kwenye mkeka, pua imevunjika, Gunia kamlalia mgongoni, na maneno hayo yanamwingia sikioni pamoja na jasho la mwenzake.

Wewe uliyeazima gazeti kwa jirani nakukumbusha haraka, halafu usinisumbue tena. Nondo ana miaka kumi na tisa. Anapinda vyuma karakanani, ndiko alikotoa jina. Kocha wake ni mjomba wake, kaka wa mama yake. Tangu apoteze pambano lake la kwanza kabisa, amepigana mara kumi na nne na kushinda zote kumi na nne. Wa kwanza kuonja kipigo hicho alikuwa huyuhuyu Gunia, mchukuzi wa magunia ya unga kinuni, mfupi, mpana, shingo hana. Nondo alimbwaga kwa sekunde nane, miaka mitatu iliyopita. Leo ni fainali, ukumbi umefurika, na Gunia, aliyekuwa klabu ya mjomba enzi hizo, amerudi na klabu nyingine.

"Unasemaje wewe?" Nondo aliguna, mdomo umejaa damu.

"Kamuulize mjomba wako."

Gunia alimkamata kiunoni, akamng'oa chini, akambwaga tena. Puu! Watu wa viti vya mbele wakaziba macho. Nondo aliona nyota mchana kweupe, lakini akageuza bega moja kabla halijagusa mkeka, maana mabega mawili chini kwa hesabu ya tatu na mchezo umekwisha.

Akasimama. Akaamua kutoa silaha yake.

Klabuni kwao pigo hilo wanaliita kuchota. Unamvuta mwenzako mkono, unageuka, unaingiza nyonga chini ya tumbo lake, unainama kama mtu anayechota maji kisimani, naye anapita juu ya mgongo wako na kwenda zake. Nondo aliwachota kumi na nne kwa pigo hilo. Akamvuta Gunia mkono, akageuka, akaingiza nyonga, akainama.

Gunia hakwenda popote.

"Unasubiri niruke?" aliuliza, tena kwa upole. Kisha akampiga Nondo kiwiko cha mbavu, kimoja kikavu, refa akiwa upande wa pili.

Kipenga. Raundi ya kwanza imekwisha. Refa aliitazama ile pua, akamwita muuguzi, maana sheria ni kwamba damu ikitoka mchezo husimama mpaka ikome. Muuguzi, mama mmoja mwenye glovu na haraka zake, akamkalisha Nondo pembeni na kumsokomeza pamba puani.

Mjomba alikuja anakimbia, taulo begani.

"Umeanza vizuri, mwanangu! Huyu hana pumzi, raundi ya tatu anakwisha."

"Mjomba. Gunia aliambiwa aanguke?"

"Nani?"

"Usiniulize nani. Miaka mitatu iliyopita. Uliongea naye?"

Mjomba alianza kumfuta jasho. Nondo akamshika mkono, ule mkono wa kupinda chuma, akaubana mpaka vidole vya mzee vikajikunja.

"Uliongea naye?"

"Mwanangu, sasa si wakati wake."

"Nitakuvunja huu mkono, haki ya Mungu."

Muuguzi aliacha pamba, akajifanya anatafuta kitu kwenye sanduku lake. Mjomba alitazama huku na huku. Akainama, akanong'ona.

"Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulipoteza pambano lako la kwanza kwa sekunde kumi na moja. Unakumbuka ulifanya nini? Ulilala umegeukia ukuta siku kumi na tisa. Huli, husemi, huogi. Mama yako alikuwa anakulisha uji kwa kijiko na wewe unautema. Mimi ningefanyaje?"

"Ukamwambia Gunia aanguke."

"Mara moja tu! Iwe dawa. Uinue kichwa."

"Na wa pili?"

Mjomba alilivuta taulo begani, akalitazama.

"Na wa tatu, Mjomba? Na yule mrefu aliyekuja na klabu ya rafiki yako? Na yule niliyemchota mpaka mkaniinua juujuu mkinizungusha uwanja mzima?"

"Mapambano mengine ulishinda mwenyewe!"

"Yapi?"

Na hapa, msomaji, ndipo mzee alipomkata mtoto maini. Angeweza kudanganya. Kadanganya miaka mitatu, pambano moja zaidi lingemdhuru nini? Lakini aliulizwa ghafla, na jibu la kweli likamponyoka.

"Sijui tena," alisema. "Vijana walishazoea. Wengine sikuwaambia kitu, wakaanguka tu. Sikuweza tena kujua nani kaanguka na nani kaangushwa."

Jamani! Kuvishwa kilemba cha ukoka ni jambo moja. Kuvishwa vilemba kumi na nne, halafu aliyekuvisha akakwambia huenda kimojawapo ni cha kweli ila amesahau kipi, hilo ni jambo lingine kabisa.  Nondo alikumbuka jinsi wale vijana walivyokuwa wepesi mgongoni kwake. Alidhani ni nguvu zake. Kumbe walikuwa wanaruka, na yeye kidogo kidogo mwili wake ukajifunza kungoja waruke. Anavuta, anageuka, anainama, anatulia kidogo. Ndicho Gunia alichokicheka.

"Mama anajua?" aliuliza.

"Ni yeye aliyeniomba."

Nondo aliinua macho. Mama yake alikuwa safu ya tatu, mkoba mapajani, anampungia mkono na kutabasamu meno yote. Tabasamu lilelile la mapambano kumi na nne.

"Niambie kitu kimoja tu," Nondo alisema. "Mimi ni mpiga mieleka?"

"Wewe ni bingwa, mwanangu."

"Toka mbele yangu."

Kipenga kikalia.

Raundi ya pili sitaisimulia yote, kuna watoto wanasoma ukurasa huu kwa siri. Nitasema tu kwamba Nondo hakutaka tena ushindi. Alitaka mtu mmoja duniani amshike kwa nguvu zake zote bila huruma, ajue kama bado atakuwa amesimama. Aliingia kichwa mbele. Paji la uso wake likakutana na mdomo wa Gunia, na jino likalegea likabaki limening'inia.

Refa akaonya. Nondo hakusikia. Gunia aliling'oa lile jino kwa ulimi, akalitema pembeni, akacheka mdomo mwekundu.

"Haya! Sasa tumeanza kufahamiana."

"Kwa nini ulianguka?" Nondo alifoka, wameshikana shingo kwa shingo. "Kwa nini ulikubali?"

"Mjomba wako aliniambia unataka kufa!" Gunia alimpiga goti la paja. "Nikakuonea huruma! Umesikia? Huruma!" Goti la pili. "Miaka mitatu kinuni wananiita mke wa Nondo! Nikibeba gunia wananiuliza, je, hili nalo limekushinda? Baba yangu mzazi alikuwa ukumbini siku ile. Alitoka nje bila kuniaga."

"Ungewaambia ukweli!"

"Mjomba wako aliniapisha! Nikakaa kimya kama bubu!"

Gunia akampiga mweleka uliotikisa mbao chini ya mkeka, kisha akamkalia kifuani na kuanza kumsukuma bega la pili chini. Refa alilala kifudifudi kutazama. "Moja!" Nondo akamng'ata mkono. Ndiyo, alimng'ata, msinitolee macho. Kijana aliyekuwa anakunja vitambaa vya klabu na kusalimia wazazi wa wapinzani wake alimng'ata mwenzake mpaka akaonja chumvi. Gunia akapiga yowe na kunyanyuka, refa akamkata Nondo pointi mbili, ukumbi ukazomea.

Na katika kuzomewa kule, mtaniamini? Nondo alijisikia vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwonyesha wanachokiona kweli.

Mapumziko ya pili hakwenda kwa mjomba. Alisimama katikati ya mkeka peke yake, anatweta, damu inamdondoka kidevuni. Mjomba alimwita mara nne. Mama naye akaita, jina la utotoni, lile ambalo hulisikii mbele za watu. Hakugeuka.

Raundi ya tatu. Gunia anaongoza kwa pointi, angeweza kukimbia kimbia tu mpaka muda uishe. Lakini thubutu! Huyu hakuja kutafuta kombe, alikuja kutafuta heshima yake iliyozikwa kinuni. Aliingia mwili mzima, mikono wazi, ili ambwage Nondo mbele ya watu wote na amalize maneno.

Nondo akamvuta mkono. Akageuka. Akaingiza nyonga.

Hakusubiri.

Aliinama palepale, kwa hasira ya siku kumi na tisa za kutazama ukuta na miaka mitatu ya kupigiwa makofi ya bure. Gunia alipinga. Alikaza miguu, akajivuta nyuma, akamkwaruza Nondo shingoni kwa kucha. Haikusaidia. Miguu yake ikaacha mkeka, mwili mzima ukapita juu, na kwa sababu alikuwa anapinga mpaka dakika ya mwisho hakuwa amejiandaa kuanguka. Alitua kwa kichwa.

Sauti ilikuwa ndogo, kama mtu amekanyaga kikombe cha plastiki.

"Moja! Mbili! Tatu!"

Ukumbi ulilipuka. Watu waliokuwa wanazomea walirusha kofia. Mjomba aliruka kamba iliyozungushiwa mkeka, machozi yanamtiririka, mikono juu.

"Umeona? Umeona, mwanangu? Si nilikwambia? Bingwa!"

Sasa simama nawe umtazame mjomba kama Nondo alivyomtazama. Ni uso uleule. Ni machozi yaleyale, maneno yaleyale, aliyoyasema mara kumi na nne. Mle usoni hamkuwa na kitu hata kimoja cha kumwonyesha kijana kwamba safari hii ni kweli.

Nondo akamgeukia Gunia, aliyekuwa chali, macho darini.

"Amka."

Gunia alipepesa macho tu.

"Amka, nimesema. Amekwambia nini? Mmeongea saa ngapi?"

"Nondo..." Gunia alivuta pumzi fupi. "Sisikii miguu."

"Acha kuigiza."

"Kweli. Siisikii."

"Hata kuigiza hujui! Inuka!"

Mama yangu weee! Alimkamata fulana kwa mikono miwili, akamvuta, akamkalisha, akamtikisa. Kichwa cha Gunia kikaenda nyuma, kikarudi mbele. Muuguzi alikuwa anakuja mbio, sanduku limemfunguka njiani, bandeji zinabingirika.

"Usimguse! Shingo! Wewe kijana, muache, usimguse shingo!"

"Anasema uongo! Hawa wote wanasema uongo! Simama, Gunia!"

Akamsimamisha. Alimnyanyua mzimamzima akamwachia asimame kwa miguu yake, na miguu ya Gunia ikakunjika bila kubisha, kama suruali iliyodondoka kwenye kamba ya nguo. Akaanguka mara ya pili. Hii hakuna mtu duniani angeweza kuiigiza.

Hapo Nondo alielewa. Alielewa mambo mawili kwa pamoja, na sijui lipi lilimuuma zaidi. Kwamba alikuwa ameshinda kweli. Na kwamba baada ya kushinda alikuwa amemfanyia mtu jambo ambalo halina kipenga.

Gunia alibebwa juu ya ubao mpaka chumba cha huduma ya kwanza, nyuma ya ukumbi. Chumba chenyewe kitanda kimoja, pazia la kijani, meza ya chuma yenye chupa za dawa. Gari la wagonjwa limeshapigiwa simu, linasemekana liko njiani. Nyuma ya pazia muuguzi alikuwa anahangaika na mgonjwa. Mbele ya pazia, watu wanne: Nondo, mama yake, mjomba, na askari wa zamu ya ukumbi, mtu mzito mwenye daftari dogo, aliyekuwa getini muda wote na hakuona kitu.

"Muuguzi anasema kuanguka ni mchezo," askari alisema. "Mchezo hauna kesi. Ila anasema kuna mtu alimnyanyua majeruhi baada ya kuambiwa asimguse. Hilo linaweza kuwa na kesi. Nani huyo?"

"Mimi," alisema mjomba.

Nondo aligeuka.

"Mimi ndiye kocha," mjomba aliendelea, sauti tulivu kabisa. "Niliruka kamba, kila mtu ameniona. Nilidhani kijana kazimia, nikamwinua apate hewa. Ni kosa langu, afande."

"Ni kweli," alisema mama, mkoba kifuani. "Nilimwona kaka yangu kwa macho yangu."

"Ni mimi," alisema Nondo.

"Mwanangu, nyamaza."

"Afande, ni mimi. Nilimshika fulana, nikamtikisa, nikamsimamisha. Muuguzi alinikataza nikasikia. Andika."

Askari alimtazama kijana, pua imevimba, pamba mbili zimejaa damu. Akamtazama mama. Mama akasogea karibu naye, akashusha sauti kama mtu anayeomba radhi kwa ajili ya mgeni mlevi.

"Amepigwa kichwani mara nyingi leo, afande. Hajui asemalo. Mtoto mwenyewe ana roho nyepesi, hata mbu anamhurumia. Ukiandika hivyo atalala ageukie ukuta, na safari hii nitamzika."

"Mama!"

"Nyamaza, baba, nyamaza. Mjomba wako atalimaliza."

Na kalamu ya askari ikaanza kuandika. Nondo alikuwa karibu, aliona. Aliandika jina la mjomba.

Msomaji, ushindi wa Nondo waliukoroga mpaka hajui upi ni wa kweli. Sasa walikuwa wanamchukulia na kosa lake, kitu pekee siku ile alichokuwa na hakika nacho kwamba ni chake.  

Nyuma ya pazia ikasikika sauti nyembamba.

"Afande... Njoo nikwambie. Nimemwona aliyeninyanyua."

Askari akafunga daftari, akaanza kuelekea kule. Lakini mjomba alikuwa karibu zaidi, na mjomba aliwahi kuwa mpiga mieleka. Kwa hatua mbili alikuwa ameshafika kwenye pazia.

"Niachie kidogo nimtulize," alisema. "Huyu nimemlea mimi. Nikimwambia kitu atanisikia."

Nikimwambia kitu atanisikia! Maneno hayo ndiyo yaliyofungua bawaba. Nondo hakukumbuka kuvuka chumba. Alimkamata mjomba mkono, akauvuta, akageuka, akaingiza nyonga chini ya lile tumbo la mzee.

Mjomba alipinga. Msidhani alimwachia. Alikaza miguu sakafuni, akamshika Nondo nywele kwa mkono wa pili, akaita jina la dada yake, akapigania kubaki amesimama kwa kila mfupa aliokuwa nao. Nondo aliisikia nguvu ile mgongoni, nzito, yenye hofu, isiyotaka hata kidogo kuanguka. Hajawahi kuisikia kwa mtu wa klabu yao hata siku moja.

Akainama.

Mjomba alipita juu, akaichukua meza ya chuma na chupa zake zote, akatua ubavuni kwa kishindo. Mkono wake ulibaki chini ya mwili, umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Mama alipiga ukelele. Spiriti ikasambaa sakafuni pamoja na vipande vya chupa, na chumba kizima kikanuka sindano.

Nondo alisimama katikati, anahema. Akamgeukia askari.

"Andika, afande. Na huyu pia ni mimi."

Askari alikuwa ameshatoa pingu. Alifungua daftari kwa mkono mwingine, akakata jina la mjomba kwa mstari mmoja, akaweka kalamu tayari.

"Jina lako kamili?"

Lakini Nondo hakujibu, kwa sababu pazia lilivutwa kutoka ndani. Muuguzi alitoka ameshika glovu moja mkononi. Hakumtazama mjomba aliyekuwa anagaagaa miguuni pake, wala hakuuliza nani kavunja chupa.

"Yupo ndugu yake huyu kijana hapa?" aliuliza. "Alikuwa ananiambia aliyemnyanyua. Amefika katikati ya jina, pumzi ikakatika."